Nikifunga Mlango, Nairobi Iishe

Mteja alikuja na Subaru Forester nyeusi, akaegesha mbele ya karakana yetu, akabaki ndani dakika nzima injini ikinguruma. Alipotoka alituambia anachotaka kwa maneno machache: "Nataka nikifunga mlango, Nairobi iishe."

Fundi aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeombwa kubadilisha taa ya indiketa. Mimi nilicheka. Lakini hiyo sentensi ilinifuata hadi nyumbani, na ni mwaka sasa bado inanisumbua. Naiandika hapa nione kama itaniacha.

Nijitambulishe kidogo. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Watu wakiniuliza nasema ni karo, na ni kweli, ingawa si ukweli wote. Tangu hapo usiku naandika makala za watu, zile zinazolipwa kwa idadi ya maneno na kutoka bila jina langu, na mchana nafanya kibarua kwenye karakana moja katika vichochoro vya nyuma ya Kirinyaga Road. Huko ndiko nilikojifunza kuuza kimya.

Watu wengi hudhani kelele za gari ni za injini. Ukishapita kilomita 50 kwa saa hivi, kelele kubwa ni ya tairi kwenye lami, na ukizidi kukanyaga mafuta upepo nao unaingia. Tairi zinatikisa chesisi, chesisi inatikisa bati la sakafu na la milango, na bati likitikisika linakuwa ngoma. Wewe umekaa ndani ya ngoma.

Kwa hivyo unaanza kwa kulivua gari nguo. Viti nje, kapeti nje, mabodi ya milango nje. Klipu za plastiki za gari lililotoka Japani likiwa limetumika huvunjika ukizitazama vibaya, kwa hivyo unanunua za akiba mapema. Kisha unapangusa bati kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke kisafi, kwa sababu gundi haishiki juu ya vumbi. Halafu unabandika mikeka ya raba ya butili yenye karatasi ya alumini juu, unene wa milimita mbili hivi, na unaikandamiza kwa rola ndogo mpaka michoro ya alumini ilale. Mikono inauma. Kuna mikeka rahisi ya lami, lakini hiyo jua la Januari likiipata ndani ya gari lililofungwa inaanza kunuka na kubanduka. Fundi haigusi. Anasema ukimuuzia mtu kimya kinachonuka, atakurudishia kelele zake zote.

Somo langu la kwanza lilikuwa kugonga.

"Gonga," fundi aliniambia, ameshika mlango mtupu. Nikagonga kwa kifundo cha kidole. Ngaaa. Akabandika kipande kimoja katikati ya bati, ukubwa wa daftari la shule.

"Gonga tena."

Du. Kama kugonga gunia la unga. Kipande kimoja tu, na mlango mzima ukanyamaza.

Alinieleza kwamba huhitaji kufunika bati lote. Robo hadi nusu inatosha, kwa sababu kazi ya raba ni kulinyima bati nafasi ya kutikisika. Mtetemo unaingia kwenye raba, raba inajinyonga kidogo, na mtetemo unageuka kuwa joto dogo sana ambalo hata mkono wako hauwezi kulihisi. Sauti inafia humo. Kuzuia sauti za nje zisipenye, yaani watu, honi, besi ya nganya, ni kazi nyingine kabisa. Hiyo inataka uzito: shuka nzito ya vinili juu ya sponji, bila mwanya hata mmoja, kwa sababu sauti ni kama maji, hutafuta tundu. Tukimaliza, gari limeongezeka zaidi ya kilo 20. Kimya kina uzito wake, na mwenye gari ataulipia kwa petroli.

Shika tofauti hiyo kati ya raba na vinili, maana nitairudia. Raba huua mlio wa bati. Vinili huzuia sauti kupita.

Ile Forester ilichukua siku tatu. Jumapili asubuhi tukaipeleka Thika Road, mteja kwenye usukani, fundi kando yake, mimi nyuma na programu ya simu ya kupima desibeli. Kabla ya kazi, kwa kilomita 80, ilikuwa imesoma 72. Sasa ilisoma 68. Nne inaonekana kidogo, lakini desibeli hazihesabiwi kama nyanya: kila 10 ni mara kumi ya nguvu ya sauti, kwa hivyo hizo nne ni zaidi ya nusu ya nguvu hiyo imeondolewa. Mteja hakuhitaji hesabu. Tulipita Roysambu akitabasamu peke yake. Aliniambia kazi yake ni kusimamia watu wanaopokea simu za malalamiko kutwa nzima, na kwamba nyumbani ana watoto watatu. "Hii gari," akasema, "ndiyo chumba pekee ninachokaa peke yangu."

Karibu na Githurai akanyamaza, akainamisha kichwa. "Hiyo ni nini?"

Kitu kilikuwa kinalia tik, tik, ndani ya dashibodi.

"Ilikuwako siku zote," fundi akamwambia. "Ni vile ulikuwa huisikii."

Ndivyo inavyokuwa. Ukiondoa kelele kubwa, ndogo zilizokuwa zimejificha nyuma yake zinajitokeza. Kuna wateja wanaorudi mara tatu, wakifukuza kila mara kitu kidogo kuliko kile cha kwanza.

Tukirudi mjini aliweka rumba, si kwa sauti kubwa, ya kawaida tu. Mahali fulani kabla ya Pangani fundi akageuka ghafla: "Mpishe! Mpishe!" Nikatazama nyuma. Ambulensi ilikuwa imetufikia kabisa, taa zinazunguka. King'ora nilikuwa nimekisikia, lakini kama cha barabara nyingine, kama kitu kisichotuhusu. Mteja akaingia kushoto. Ilipotupita niliona mdomo wa dereva wake ukisema kitu, na hicho pia sikukisikia. Sijui ilikuwa imekaa nyuma yetu kwa muda gani. Sijui nani alikuwa amelala ndani.

Hakuna aliyesema neno. Tulipofika karakana mteja alilipa yote, akaongeza ya chai.

Sasa, je, alikuwa amefanya kosa?

Nataka kumtendea haki, kwa sababu insha za kutukana wenye magari ni rahisi kuandika na mimi nimeshalipwa kuziandika. Kelele ni madhara. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza kelele za barabarani zisizidi wastani wa desibeli 53, na usiku 45, kwa sababu zinaharibu usingizi na zinahusishwa na magonjwa ya moyo. Simama kwenye stendi yoyote ya Nairobi na simu yako, uone inasoma ngapi. Na sheria tunayo. Kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2009 zinakataza kelele kubwa zisizo za lazima zinazosumbua watu. Jaribu kumsomea konda hizo kanuni. Mhubiri mwenye spika yuko kwenye kona, jenereta iko kwenye kona nyingine, na wewe una masikio mawili yasiyokuwa na kope. Macho ukichoka unayafumba. Masikio Mungu aliyaacha wazi.

Kwa hivyo mtu akitumia pesa zake kujifunga kope, nani atamlaumu?

Lawama ya kwanza inayonijia inatoka kwenye kitabu nilichosoma kabla ya kuacha chuo. Mwaka 1970 mwanauchumi Albert Hirschman aliandika kuhusu njia mbili za mtu kukabili kitu kilichoharibika: kuondoka, au kupaza sauti. Wazo hilo alilipata akitazama reli ya Nigeria. Ungedhani malori yakianza kuchukua wateja, reli itajirekebisha. Haikujirekebisha. Wale ambao wangelalamika kwa nguvu zaidi ndio walikuwa wa kwanza kuhamia kwenye malori, na reli ikabaki na watu ambao malalamiko yao hayakuwa na uzito.

Nairobi tunaijua hiyo hadithi bila kufungua kitabu. Maji yakipotea, mwenye uwezo anachimba kisima, na tangu siku hiyo mifereji mikavu si shida yake. Shule ya umma ikizidiwa, anahamisha mtoto. Barabara ikijaa, analipa apite juu, kilomita 27 za Expressway kutoka Mlolongo hadi Westlands, wengine wakibaki chini kwenye kivuli cha nguzo. Kimya ni kisima kingine. Mwenye Forester alikuwa na hasira ya kweli dhidi ya kelele za mji huu, hasira ambayo ingemfaa kila mtu, na sisi tuliifunika kwa raba na vinili kwa siku tatu.

Hiyo ni hoja nzuri, na kwa muda niliridhika nayo. Ilikuwa hoja kuhusu mteja. Halafu ikaja yangu.

Mama anaishi Kangemi, kwenye ploti ya mabati, vyumba kumi na viwili vinavyotazamana, hatua chache kutoka Waiyaki Way. Anauza mboga, na saa kumi alfajiri huwa ameshaamka. Malori yakipita usiku kuta zinatetemeka. Mvua ya Aprili ikianguka hatusikizani hata tukipigiana kelele chumba kimoja. Nami mchana kutwa nilikuwa naua sauti hiyo hiyo kwenye magari ya watu. Bati ni bati.

Nikamwomba fundi vipande vya raba vinavyobaki, vile vya pembeni ambavyo havitoshi mlango. Vilipojaa gunia nikavipeleka Kangemi, na kwa Jumapili mbili nikabandika chini ya paa na kwenye ukuta ulio kando ya kitanda, ule ambao upepo huuchezea. Mvua iliyofuata ilisikika kama mtu anamimina mchele kwenye kikapu. Malori bado yalinguruma na redio za majirani bado zilipita, kwa sababu raba si vinili, lakini mabati yaliacha kuimba. Mama alikaa kitandani akatazama juu muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "umenijengea nyumba."

Tangu niache chuo sikuwa nimempelekea mama kitu ambacho angeweza kuwaonyesha majirani. Usiku ule nilijiona mtu.

Ukuta wa kitanda cha mama ndio ukuta wa shosho wa mlango wa pili. Amepita miaka sabini na ana pumu. Sikujua kwamba wao wawili wana mpango wao wa miaka mingi. Wenyewe hata hawauiti mpango. Shosho akizidiwa usiku hugonga bati kwa kijiko. Mama huamka, humtafutia dawa yake ya kuvuta, hukaa naye, na akiona hali ni mbaya huita boda.

Usiku mmoja wa Mei shosho aligonga. Bati likafanya nilichokuwa nimelifundisha kufanya. Du. Mama alikuwa amelala usingizi alioudai kwa miaka. Alfajiri alipotoka na ndoo alimkuta shosho ameketi chini kwenye kizingiti chake, mlango wazi, midomo imebadilika rangi, kijiko bado kiko mkononi. Boda, hospitali, siku sita.

Alirudi. Nilipoenda kumwona sikujua nianzie wapi. Yeye ndiye alianza, na hakuwa ananilaumu. Alikuwa kama mtu anayetaka tu ijulikane.

"Niligonga, mjukuu wangu," akasema. "Niligonga sana."

Nimelifikiria hilo kuliko nilivyowahi kufikiria swali lolote la mtihani. Ugomvi wa chumba cha saba ulikuwa bado unapita ukutani. Malori yalipita, na honi zikapita. Kati ya sauti zote za usiku ule, iliyokufa ni moja, na ndiyo pekee iliyokuwa imeelekezwa kwa mama. Raba haijui tofauti kati ya mvua na mkono wa mtu. Mimi ndiye niliyepaswa kuijua, na sikuuliza.

Lugha yetu inaijua tofauti hiyo. Kelele tunazo, milio tunayo, halafu tuna neno moja ambalo wageni huchelewa kulielewa: hodi. Hodi ni sauti inayosimama nje na kungoja. Haikuingilii, inakuuliza kama upo. Kijiko cha shosho kilikuwa hodi. King'ora pia ni hodi, ya mtu asiyeweza kuipiga mwenyewe. Shida ni kwamba hodi hupita njia ile ile ya kelele, na mtu akiziba njia kwa sababu ya kelele, anaizibia na hodi.

Mtu anaweza kuniambia: basi tuache masikio wazi siku zote? Hapana. Hapo ndipo nadhani watu wanaohubiri kuhusu ujirani hukosea. Mama alikuwa ameacha masikio wazi miaka yote hiyo, na gharama yake aliilipa kwa usingizi. Hakuna aliyemshukuru, kwa sababu hakuna aliyejua ni kazi. Ukiangalia vizuri mji huu, wanaobeba kelele zake ndio hao hao wanaobeba hodi zake. Mwenye uwezo wa kununua kimya anaondokewa na mizigo yote miwili kwa pamoja, hata kama alitaka kutua mmoja tu. Hodi hazipungui kwa sababu yeye hazisikii. Zinaenda kwa yule mwenye ukuta mwembamba.

Kwa hivyo jibu langu kwa lile swali ni hili. Haki ya kimya ni haki ya kweli, na mama anayo kama mwenye Forester. Lakini kabla ya kuziba unapaswa kuuliza: ni nani hunigongea, na baada ya leo atagonga wapi? Ukishajua, unamwachia mahali. Ni jambo linalowezekana hata kwa mashine. Magari ya umeme yalipokuja ikaonekana hayasikiki yakienda polepole, na asiyeona huvuka barabara kwa masikio. Ulaya, tangu Julai 2019, aina mpya za magari hayo zinalazimika kutoa sauti zikiwa chini ya kilomita 20 kwa saa. Walikaa chini wakaamua kwamba gari lina ruhusa ya kuwa kimya, lakini likikaribia mtu litapiga hodi.

Nilirudi Kangemi na mashine ya hewa moto, nikabandua raba ya ule ukuta mmoja. Butili haibanduki kwa heshima. Ilinichukua mchana mzima, na alama nyeusi zimebaki mpaka leo. Paa niliacha lilivyo.

Mwenye Forester alirudi kwa sababu ya ile tik tik. Fundi akiwa amelala chini ya dashibodi, nilimsimulia habari za shosho. Alisikiliza yote. Kisha akaniuliza, bila dharau, "Sasa unataka mimi nifanye nini?"

Nilimwambia kwenye foleni ashushe kioo kidogo, na muziki uwe chini.

"Na vumbi?"

Sikuwa na jibu la vumbi. Tukacheka. Siku hizi namwambia hivyo kila mteja kabla hatujafunga mlango wa mwisho. Wengi huitikia kunifurahisha tu, na mmoja aliniuliza kama mimi ni fundi ama pastor. Kazi bado naifanya. Kodi haisikii hoja.

Wikendi hulala kwa mama, kwenye godoro sakafuni, na huandika humo. Shosho ana tabia mpya. Kila usiku kabla ya kulala hugonga mara moja, hata akiwa mzima, kuhakikisha bati linafanya kazi. Ngaaa. Mama hunyoosha mkono bila kufungua macho, akajibu kwa kifundo cha kidole. Mimi hupoteza sentensi niliyokuwa nayo kichwani, nikaanza upya.